Wapishi Wasio na Majina: Stori ya Msosi wa Kiyahudi Usio na Nyama

Wadau, kila Januari si mnaona wenyewe. Makanisa kibao mjini yanatangaza mfungo wa Danieli, na baada ya siku mbili tatu Instagram imejaa sahani za mboga, matunda na karanga, mtu kasimama pembeni ya sahani anaonyesha kiuno. Sawa, hatugombani na mtu. Ila wachache wanajiuliza hiyo kitu ilianzaje. Danieli alikuwa kijana wa Kiyahudi aliyechukuliwa mateka Babeli, anaishi ikulu ya mfalme wa kigeni. Alipoomba yeye na wenzake watatu wapewe mboga na maji kwa siku kumi, hakuwa anatafuta kupunguza kitambi. Alikuwa anaikwepa meza ya mfalme, kwa sababu nyama na divai ya pale vingemtia unajisi.

Sasa angalia kitu kimoja kwenye hiyo sura ya kwanza ya kitabu chake. Mfalme ana jina. Mkuu wa matowashi ana jina. Vijana wote wanne wana majina, tena mawili mawili, la kwao na la Kibabeli. Aliyekaa jikoni akazichemsha zile mboga siku zote kumi hana jina.

Na historia yote ya mapishi haya iko hivyo hivyo. Watu wanaofuatilia vyakula vya Kiyahudi visivyo na nyama, hasa vile vya mafuta kidogo ambavyo siku hizi madaktari wanavisifia, wanakutana na akina mama ambao hakuna aliyewaandika. Wakiandikwa, mara nyingi ni kwa sababu mbaya. Tutafika huko.

Kwanza tuelewane kwenye sheria, maana bila hiyo hutaelewa kitu. Chakula halali kwa Myahudi kinaitwa kosheri. Nguruwe hapana, hiyo wengi mnaijua. Lakini kuna mambo mawili ambayo watu hawayajui. La kwanza, Torati inasema mahali patatu, mara mbili kwenye kitabu cha Kutoka na mara moja kwenye Kumbukumbu la Torati, kwamba usimpike mwana-mbuzi kwenye maziwa ya mama yake. Marabi wakalipanua hilo: nyama na maziwa havikai sufuria moja, wala meza moja, na ukishakula nyama unasubiri, kwa jamii nyingi masaa sita, ndiyo uguse maziwa. Nyumba inayofuata sheria vizuri ina seti mbili za vyombo. Kwa hiyo ukitaka mchuzi wenye siagi au maziwa, nyama lazima itoke. Mapishi ya mboga yakapata nafasi yake rasmi jikoni, hayakuwa adhabu.

La pili ni mafuta yenyewe. Mambo ya Walawi sura ya 7 inakataza mafuta ya ng'ombe, kondoo na mbuzi, yale magumu yanayozunguka figo na matumbo. Mchinjaji wa kosheri anayatoa kwa kisu, moja moja, na kazi hiyo ina mafunzo yake. Yaani muda mrefu kabla ya mtu yeyote kusikia neno kolesteroli, kuna jamii ya watu ambayo mafuta ya nyama yalikuwa swali la dini. Sisemi Musa alikuwa mtaalamu wa lishe. Nasema mpishi wa Kiyahudi alilazimika kujua mafuta yaliyomo kwenye sufuria yametoka wapi, kila siku, maisha yake yote.

Na kuna wakati hayo mafuta yaliweza kukupeleka mahakamani.

Hispania, miaka ya mwisho ya karne ya 15. Wayahudi wengi walikuwa wamebatizwa, wengine kwa hiari, wengi kwa kulazimishwa, na mahakama ya kanisa iliyoidhinishwa mwaka 1478 ilikuwa inawatafuta waliobatizwa mchana huku usiku wakishika dini ya zamani. Utamkamataje mtu anayeenda kanisani kama wewe, anayevaa kama wewe? Unanusa jiko lake. Majirani zao walipika kwa mafuta ya nguruwe, hawa walipika kwa mafuta ya zeituni. Padri mmoja mwandishi wa historia, Andrés Bernáldez, aliandika kwa kuchukia kabisa jinsi nyumba zao zilivyonuka mafuta hayo. Na kwenye mafaili ya mahakama mashahidi wanaojitokeza mara kwa mara ni wafanyakazi wa ndani. Dada wa kazi anaulizwa: bi mkubwa wako anapika nini Ijumaa? Anajibu: anatoa mafuta kwenye nyama, anakaanga vitunguu kwa mafuta ya zeituni, anaweka dengu, anaweka biringanya, anaacha jikoni mpaka kesho yake, Jumamosi hashiki moto.

Fikiria hiyo. Biringanya kwenye sufuria inakuwa ushahidi. Baadhi ya walioshtakiwa walichomwa moto hadharani. Mwaka 1492 waliokataa ubatizo wakafukuzwa nchi nzima, wakaenda na mapishi yao Ureno, Moroko, na nchi za Sultani wa Uturuki. Ndiyo maana mpaka leo mapishi ya Wayahudi wa pande hizo yamejaa biringanya, mchicha, dengu na mafuta ya zeituni, chakula ambacho mtu wa afya akikiona anapiga makofi. Mimi kinachonikaa kichwani ni yule dada wa kazi. Tunajua alichokiona jikoni, tunajua hata kitunguu kilikaangwa vipi, kwa sababu karani aliandika. Alijisikiaje akiyasema, hakuna aliyemuuliza.

Tuwaache hao wa Hispania, twende kaskazini, Poland, Lithuania na Urusi, walikoishi Wayahudi wengine kwa mamilioni. Huko mzeituni hauoti. Mafuta ya nguruwe haramu, mafuta magumu ya ng'ombe haramu, siagi huwezi kupikia nyama. Kilichobaki ni ndege. Wakawa wananenepesha bata bukini, wanayayusha mafuta yake na vitunguu mpaka yanakuwa rangi ya dhahabu, wanayahifadhi kwenye mitungi kwa majira ya baridi. Wanayaita shmaltz. Ukimsikia mjukuu wa Kiyahudi anasema chakula cha bibi ni kizito, anaongelea hiyo.

Lakini hiyo ilikuwa ya sikukuu na ya wenye nacho. Masikini, na wengi walikuwa masikini, waliishi vingine. Kwenye himaya ya Urusi kulikuwa na kodi juu ya nyama ya kosheri, inaitwa korobka, iliyodumu mpaka miaka ya mapinduzi. Kila ratili ya nyama ilikuwa na kodi juu yake, na kodi ileile ilimuumiza mjane kuliko tajiri. Kwa hiyo wiki nzima, Jumapili mpaka Alhamisi, watu walikula viazi. Viazi na kitunguu, viazi na kabichi, supu ya bitiruti, uji mzito wa nafaka ya buckwheat wanayoiita kasha, mkate mweusi, na ukibahatika kipande cha samaki wa chumvi. Nyama ilisubiri Sabato, na mara nyingi hata Sabato haikuja.

Hapo ndipo akina mama wasio na majina walifanya maajabu yao. Chukua supu ya shayiri na uyoga, krupnik. Shayiri ikichemka taratibu inatoa wanga wake, mchuzi unakuwa mzito wenyewe bila siagi wala krimu. Uyoga uliokaushwa, waliookota msituni wakati wa kiangazi wakautunga kwenye uzi kama shanga, ukilowekwa unatoa maji meusi yenye ladha ya nyama kabisa. Hakuna mafuta humo, au kijiko kimoja tu cha kuungia kitunguu. Leo mgahawa wa kishua utakuuzia hiyo supu kwa bei ya kutisha na kukuandikia kwenye menyu kwamba ni ya afya. Yule mama hakuwa anafikiria afya. Alikuwa na shayiri na uyoga, basi.

Au chukua cholent, chakula cha Jumamosi. Sabato huruhusiwi kuwasha moto, kwa hiyo Ijumaa kabla jua halijazama unajaza chungu maharage, shayiri, viazi, vitunguu, unakifunga, mtoto anakipeleka kwa mwoka mikate, kinalala kwenye tanuri lenye joto la mabaki mpaka kesho mchana. Ukipita kijijini Ijumaa jioni unakuta watoto njiani na vyungu, kila kimoja kina alama yake kisichanganywe na cha jirani. Mwenye nacho ameweka nyama ya mafuta. Asiye nacho ameweka maharage tu, na mwoka mikate anajua, maana ndiye anayefunua tanuri. Kama unataka kupata picha, fikiria makande yaliyolala usiku kucha kwenye moto mdogo.

Sasa tufike Vilna, mji ambao leo ni Vilnius, mji mkuu wa Lithuania. Kati ya vita mbili za dunia ulikuwa chini ya Poland, na Wayahudi zaidi ya 50,000 waliishi humo, na maktaba, magazeti, shule na malumbano yao. Waliuita Yerusalemu ya Lithuania. Mwaka 1925 ndiko ilikoanzishwa YIVO, taasisi ya kukusanya kila kitu cha maisha ya Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki, kuanzia nyimbo na methali mpaka matangazo ya ukutani.

Kwenye mtaa ulioitwa mtaa wa Wajerumani, katikati ya eneo la Wayahudi, palikuwa na mgahawa wa mboga tu. Mwenye mgahawa, huyu angalau jina tunalo: Fania Lewando. Mumewe, Lazar, alifanya biashara ya mayai. Fania alikuwa na mgahawa, alikuwa na shule ya upishi ya kufundisha wanawake wa mjini, na alisimamia jiko la mboga la kosheri kwenye meli ya abiria ya Batory, iliyokuwa inapiga safari kati ya Gdynia na New York. Kwa lugha ya leo tungesema mama alikuwa na brandi.

Mastaa walikuwa wanakula kwake. Kitabu chake cha wageni kina maneno ya mchoraji Marc Chagall na ya mshairi Itzik Manger, watu ambao wakati ule jina lao likitajwa mtaani vichwa vinageuka. Yaani fikiria mgahawa usiouza kipande cha nyama, mji wa baridi kali, na wasanii wanapanga foleni kula kabichi. Waliopeleka sahani mezani, waliomenya viazi vya hao mastaa, waliosimama kwenye sinki saa tano usiku, hao hawakuombwa kusaini.

Mwaka 1938 Fania akatoa kitabu cha mapishi kwa Kiyidishi, lugha ya mtaani ya Wayahudi wa huko. Vyakula 400, vyote vya mboga. Ndani kuna supu, kotleti za mboga, kugeli, cholent isiyo na nyama, na sehemu nzima ya juisi na vinywaji vya vitamini. Vitamini ndiyo ilikuwa habari ya mjini wakati ule. Neno lenyewe alilibuni Casimir Funk, mwanasayansi Myahudi aliyezaliwa Warsaw, mwaka 1912. Ushauri wa Fania ninaoupenda kuliko wote ni mdogo sana: usimwage maji uliyochemshia uyoga au njegere, ni supu hayo. Ukisoma hivyo unajua hakuyatoa kwenye chuo. Hayo ni maneno ya wale akina mama wa krupnik, amewasemea.

Ila tusidanganyane hapa. Mkisikia kitabu cha mboga cha mama wa Vilna msidhani ni cha kupunguza uzito. Kina siagi, wadau. Kina mayai, kina krimu ya kuchacha. Nyama ikishatoka jikoni, sheria inaruhusu maziwa, na Fania aliruhusu hasa. Kwake yeye afya ilikuwa mboga, matunda na vitamini, mafuta hayakuwa adui bado. Mafuta kidogo kama tunavyoyaelewa sisi ni kitu kilichokuja baadaye, madaktari walipoanza kuhesabu mishipa ya moyo ya wajukuu waliohamia Marekani. Kule makampuni yalikuwa yameshaingia kati: mwaka 1933 watengenezaji wa Crisco, mafuta magumu ya mimea, walitoa kitabu cha mapishi kwa mama wa nyumbani wa Kiyahudi, upande Kiyidishi upande Kiingereza, kumshawishi aache mafuta ya bata. Mafuta ya mimea yaligandishwa kiwandani, na sote tunajua siku hizi madaktari wanasema nini kuhusu mafuta ya aina hiyo. Ukweli ni kwamba chakula cha Kiyahudi chenye mafuta kidogo kuliko vyote hakikupikwa na daktari wala na kampuni. Kilipikwa na mtu aliyekosa pesa ya mafuta.

Na kuna jambo lingine nyuma ya kitabu hicho. Mwaka 1936 bunge la Poland lilipitisha sheria ya kubana uchinjaji wa Kiyahudi. Waliipamba kwa maneno ya kuwahurumia wanyama, lakini kila mtu alijua inamlenga nani. Nyama ya kosheri ikawa adimu na ghali. Kwa hiyo mwaka 1938 Myahudi wa Vilna aliyekuwa anakula mboga huenda alikuwa amesoma kuhusu vitamini, huenda alikuwa anawahurumia ng'ombe, na huenda pia alikuwa amepita buchani akaona bei akageuza. Mgahawa wa Fania uliwapokea wote watatu na kuwapa sahani ya heshima. Kwa maoni yangu hilo ndilo kubwa alilofanya. Chakula ambacho watu walikionea aibu, cha kukosa, alikiwekea kitambaa mezani.

Kilichofuata mnakijua kwa ujumla. Septemba 1939 vita. Mwaka 1940 Vilna ikawa ya Wasovieti, na mwezi Juni 1941 jeshi la Ujerumani likaingia. Septemba mwaka huohuo Wayahudi wakafungiwa kwenye geto, vichochoro vilevile vya jirani na mgahawa. Kwenye msitu wa Ponary, nje kidogo ya mji, wakauawa Wayahudi kama 70,000 katika miaka ya vita. Fania na Lazar hawakunusurika. Kaburi halipo.

Vitabu navyo viliwindwa. Wajerumani waliwalazimisha wasomi wa geto kuchambua maktaba ya YIVO: vizuri vipelekwe Ujerumani, vilivyobaki vikasagwe karatasi. Hao watu, miongoni mwao washairi Abraham Sutzkever na Shmerke Kaczerginski, walikuwa wanaficha maandishi ndani ya nguo wanapita nayo kwenye geti la geto, mahali ambapo hata kukutwa na mkate ni kipigo au kifo. Wenzao waliwacheka: mtu una nafasi chini ya koti, badala ya viazi unabeba karatasi?

Kitabu cha Fania kilipona kwa njia nyingine. Nakala chache zilikuwa zimeshasambaa nje kabla ya vita. Mwaka 1995 mume na mke mmoja walikiona kwenye maonyesho ya vitabu vya kale Uingereza, wakaelewa wameshika nini, kikapelekwa YIVO, ambayo tangu 1940 makao yake yalikuwa yamehamia New York. Kikakaa kwenye kabati miaka kadhaa. Baadaye wanawake wawili waliotembelea taasisi wakaonyeshwa, wakapenda zile picha za rangi za mboga, wakaanza kuhangaika kitafsiriwe. Eve Jochnowitz akakifanyia Kiingereza, kikatoka mwaka 2015, miaka 77 baada ya cha kwanza.

Sasa kinapikwa tena, na wapishi wa leo wanakipunguzia siagi. Mimi sioni kosa. Supu ya bitiruti ya baridi unaweka mtindi badala ya krimu, na ndimu kwa ajili ya uchachu. Kitunguu unakianza na maji kidogo kwenye sufuria nzito, unageuza mpaka kinakuwa kahawia, kisha kijiko kimoja cha mafuta mwishoni. Krupnik haihitaji hata kubadilishwa: kikombe kimoja cha shayiri, kiganja cha uyoga mkavu uliolowekwa maji moto nusu saa, karoti, viazi viwili, kitunguu, jani la bei, chumvi na pilipili manga. Maji ya uyoga chuja mchanga, mimina yote ndani, chemsha taratibu kwa saa nzima. Kesho yake ni tamu zaidi.

Shayiri supamaketi ipo, ishu ni huo uyoga mkavu. Mdau yeyote anayejua unapatikana soko gani na kwa bei gani, adondoshe hapo chini kwenye maoni.